Na mama naye, nani amfunze?

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo tumeimeza tangu darasa la kwanza, na kila mtoto anapoharibika hatuachi kuitamka. Lakini sijapata kumsikia mtu akiuliza swali la pili: na mama naye, nani amfunze? Yule binti mwenye mimba ya kwanza, ambaye hajawahi kumwogesha mtoto mchanga hata siku moja, kazi hiyo anajifunza wapi? Na mumewe je?

Swali hilo lilinirudia juma lililopita. Vijana wawili majirani zangu, waliooana mwaka jana, walinikaribisha nikaone maandalizi yao. Mke yuko mwezi wa nane. Nilioneshwa kitanda cha mtoto, chandarua, beseni na nguo za kila rangi. Juu ya kabati nikaona chupa mbili za kunyonyeshea na kopo la maziwa ya unga. Nikauliza kopo ni la nini na mama bado hajajifungua. Kijana akanijibu kwa adabu, "Mzee, hilo ni la akiba. Maziwa yakichelewa, mtoto asilie njaa." Nikamuuliza ni nani aliyewaambia kwamba maziwa huchelewa. Wakatazamana. Dada wa dukani, wakasema.

Nilinyamaza, maana mimi nami niliwahi kuwa kijana yule.

Kifungua mimba wetu alizaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1984. Wa umri wangu wanaukumbuka wakati ule: sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na kila kizuri kilipita mlango wa nyuma. Mama mkwe wangu alikuwa Songea, na nauli ya kumleta hatukuwa nayo. Mke wangu alihudhuria kliniki mwezi kwa mwezi. Alipimwa uzito, akapimwa damu, akashikwa tumbo, akapewa vidonge na tarehe ya kurudi. Juu ya huyo mtoto atakayetoka hakuambiwa neno. Mimi sikukanyaga hata geti la kliniki, kwani niliamini ile ni shughuli ya wanawake.

Usiku wa pili baada ya kujifungua, mtoto alilia mpaka alfajiri. Matiti yalitoa matone machache ya njano. Tukadhani maziwa hakuna, na hayo ya njano ni uchafu. Asubuhi nikaenda kwa mtu niliyejuana naye, nikarudi na kopo chini ya koti kama niliyebeba dhahabu. Jinsi nilivyojivuna! Lakini kopo lilikuwa ghali, tukaanza kuongeza maji ili lifike mwisho wa mwezi. Mtoto akazoea chupa, akalikataa ziwa, na maziwa ya mamaye yakapungua. Wiki ya nne akaanza kuharisha. Alilazwa hospitali siku tisa, sindano ya dripu ikiwa imechomwa kichwani kwa kuwa mshipa wa mkono haukuonekana. Kitanda cha pili yake alikuwapo mtoto mwingine wa chupa. Asubuhi ya tatu kitanda kile kilikuwa kitupu, na shuka limekunjwa.

Muuguzi mmoja wa makamo aliniuliza, "Baba, nani aliwafundisha kulisha hivi?" Nikamwambia nilifuata maandishi ya kopo. Akasema, "Kopo halijazaa." Kisha akakaa na mke wangu, akamwonesha namna ya kumweka mtoto kifuani, akamwagiza anyonyeshe kila mara hata kama anaona hakuna kitu. Baada ya majuma kadhaa maziwa yalirudi. Mtoto yule leo ni baba wa watoto watatu. Lakini swali la muuguzi sikulisahau, na ndilo lililonitia katika kusoma historia ninayotaka kukusimulia.

Zamani shule ilikuwa nyumbani. Pwani kwetu binti alikuwa na kungwi wake, na mara nyingi mimba ya kwanza alirudi kwa mamaye ajifungulie huko, akae siku arobaini akitunzwa na kuelekezwa. Shule ile haikuwa na ubao wala chaki, lakini mwalimu wake alikuwapo saa nane ya usiku mtoto alipolia. Tusiisifu kupita kiasi. Wapo mabibi waliokamua maziwa ya mwanzo wakayamwaga, na wapo waliompa mtoto maji na uji mwepesi kabla ya wakati wake. Walikosea, ndiyo, lakini hawakupata senti kwa kosa lao. Walifundisha kwa kadiri walivyojua.

Miji ilipokua shule hiyo ilivunjika, wala si kwetu peke yetu. Huko Uingereza, karne ya 20 ilipokuwa inaanza, zaidi ya watoto 150 katika kila 1000 waliozaliwa hai walikuwa wakifa kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka 1907, katika eneo la St Pancras, London, daktari wa afya wa eneo hilo, John Sykes, pamoja na wenzake, walianzisha shule ya akina mama. Watoto walipimwa uzito, mama wakapewa mafunzo, na wanaonyonyesha wakapata chakula cha mchana kwa bei nafuu. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi: ukitaka kumlisha mtoto, mlishe mama. Shule ile haikukosa kiburi. Wapo wakubwa waliopenda kumlaumu mama maskini kwa ujinga, kana kwamba ni yeye aliyejenga kile chumba kisicho na maji. Hata hivyo kliniki zetu za mama na mtoto zina ukoo na shule za namna ile. Jirani zetu wa Uganda nao, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliona Dk. Albert Cook na mkewe Katharine wakianza kufundisha wakunga wa Kiafrika pale Mengo.

Lakini wakati madaktari wanafungua madarasa yao machache, mwalimu mwingine alikuwa amekwishabisha hodi, naye alikuwa na gari, mshahara na mabango.

Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, ndiye aliyeufahamisha ulimwengu wa madaktari ugonjwa wa kwashakoo, alioukuta akiwa kazini Gold Coast, Ghana ya leo. Baadaye alihamishiwa Malaya. Huko alikuta kampuni za maziwa zinaajiri wanawake, zinawavalisha mavazi ya wauguzi, na kuwatuma kwa wazazi wapya wakawashawishi watumie maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Mama alipoona vazi jeupe aliamini. Maziwa yale hayakumfaa mtoto mchanga hata kidogo. Mwaka 1939 Williams alialikwa kuzungumza mbele ya Klabu ya Rotary ya Singapore, wakubwa wa biashara wakiwamo. Hotuba yake aliipa jina la "Maziwa na Mauaji". Alisema vifo vya watoto vinavyoletwa na mafundisho ya uongo juu ya kulisha vihesabiwe kuwa mauaji. Vita ilipofika alifungwa na Wajapani, na baadaye alieleza kwamba watoto 20 waliozaliwa kule kifungoni walinyonyeshwa wote, na wote wakapona. Mwaka 1948 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya mama na mtoto ya Shirika la Afya Duniani, WHO.

Je, dunia ilimsikia? Polepole mno. Kampala, mwaka 1958, Dk. Hebe Welbourn, aliyefanya kazi katika kliniki za watoto, aliandika kuhusu chupa ya maziwa kama tatizo la ustaarabu wa kisasa. Profesa Derrick Jelliffe, aliyefundisha utabibu wa watoto Makerere, alibuni hata jina la utapiamlo unaoletwa na biashara. Chupa ilikuwa dalili ya maendeleo, kama redio ya mkononi na viatu vya kisigino kirefu. Mwenye nazo alizionesha.

Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu juu ya maziwa hayo. Kikundi cha Waswisi kikakifasiri kwa kichwa kilichosema Nestlé inaua watoto, na kampuni ikawashtaki. Mwaka 1976 mahakama ya Bern iliwatoza washtakiwa faini ndogo kwa kichwa kile, lakini hakimu aliiambia kampuni ifikiri upya namna inavyotangaza bidhaa zake. Tarehe 4 Julai 1977 ukaanza Marekani mgomo wa kutonunua bidhaa za kampuni hiyo. Hatimaye, tarehe 21 Mei 1981, mkutano wa WHO mjini Geneva ulipitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa maziwa mbadala kwa kura 118. Kura moja tu ilipinga, ya Marekani, na nchi 3 hazikuelemea upande wowote.

Watu wengi wanazijua kanuni hizo kwa sababu ya kukataza matangazo. Mimi hunivutia kifungu cha 8. Kinasema wafanyakazi wa kuuza bidhaa hizo wasifanye kazi ya kuwaelimisha wajawazito na mama wa watoto wachanga. Angalia, msomaji, miaka 42 baada ya ile hotuba ya Singapore, dunia ilikubali kwamba muuzaji asiwe mwalimu. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na kuzitunga upya mwaka 2013. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2012.

Kumfukuza mwalimu mbaya ni nusu ya kazi. Darasa likibaki tupu atarudi, maana mtoto atalia usiku wa pili na mzazi atatafuta jibu popote. Ndiyo sababu WHO na UNICEF walipoweka hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji hospitalini mwaka 1989, hatua ya tatu ilikuwa kumfundisha kila mjamzito. Hatua hizo ziliporekebishwa mwaka 2018, familia yake nayo ikatajwa. Kwa hiyo baba naye ameitwa darasani.

Mafundisho yana matunda. Hapa Tanzania watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 41 katika uchunguzi wa 2004-05. Katika uchunguzi wa 2015-16 walifika asilimia 59. Hao hawakuongezeka kwa miujiza. Ni wauguzi waliosema, wakarudia, wakasema tena.

Na kinachofundishwa hakihitaji chuo kikuu. Mtoto awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Yale matone ya njano ndiyo kinga yake ya kwanza, na uchache wake watosha kwa tumbo dogo. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne, na huongezeka kwa kunyonywa, mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwamo. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse ziwa, maana chuchu peke yake ikinyonywa huchubuka. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Baada ya siku ya tano, akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, kwa kawaida anapata cha kumtosha. Kitovu kiachwe kikavu. Maji hahitaji mpaka miezi sita. Akikataa kunyonya, akiwa na homa, akipumua haraka haraka, akipata degedege au akiwa na umanjano mpaka viganjani, mbio hospitali.

Kama ningeyajua hayo mwaka 1984, nisingelinunua kopo. Na mambo haya yote yangeliweza kuelezwa katika saa moja, kliniki, mwezi wa saba au wa nane, wakati mama bado ana usingizi na baba bado ana masikio. Baada ya kujifungua, akili ya wazazi wapya haibebi somo refu.

Sisemi kopo livunjwe. Yupo mtoto aliyefiwa na mama, na yupo mama ambaye daktari amemkataza kunyonyesha kwa sababu ya dawa. Hao wanastahili maziwa salama na maelekezo, si lawama. Hata mama mwenye virusi vya UKIMWI, ambaye miaka ya nyuma alivurugwa na ushauri wa kila namna, tangu 2010 WHO imekuwa ikieleza kwamba aweza kunyonyesha huku akitumia dawa zake. Lakini hayo yote ni mambo ya kliniki. Si ya kaunta ya duka.

Neno moja kwa wakubwa wa kazi. Sheria ya kazi ya 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini. Baba ilimpa siku 3. Siku 3 zinakwisha maziwa ndiyo kwanza yanaingia! Asiyepewa muda wa kukaa nyumbani, basi apewe walau saa ya kwenda kliniki na mkewe kabla ya uzazi. Hilo halimfilisi tajiri yeyote.

Wale vijana niliwasimulia habari ya kitanda kitupu na shuka lililokunjwa. Sikutaka kuwatisha, ila sikuona namna nyingine. Binti alikaa kimya. Kijana akauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi, na kama mwanamume huruhusiwa kuingia. Nikamwambia aende, na akifika asiogope kuuliza maswali ya kijinga, kwa kuwa mimi sikuuliza hata moja.

Tuonane juma lijalo.