Wimbo wa Wapendanao Katika Opera ya Kitaliani

Katika ada zote walizojiwekea watunzi wa opera wa Italia, hapana iliyopendwa na wasikilizaji kama ile ya kuwasimamisha ashiki na maashuki wake mbele ya hadhara, na kuwapa wimbo wa kuimba kwa zamu na kisha kwa pamoja. Na mtu atakaye kujua jinsi fani hiyo ilivyogeuka tangu Venezia ya karne ya 17 hadi Milano ya mwaka 1887, hana haja ya kupekua vitabu vingi, kwani nyimbo tatu zatosha kuwa mashahidi.

Wa kwanza ndio unaofunga opera iitwayo L'incoronazione di Poppea, iliyoonyeshwa Venezia mwaka 1643, miaka 6 tu baada ya kufunguliwa katika mji huo jumba la kwanza la opera ambalo mtu yeyote mwenye fedha ya kiingilio aliweza kuingia. Opera yenyewe ina jina la mtunzi Monteverdi, walakini wataalamu wengi wana shaka kwamba wimbo huu wa mwisho ni wa mkono wake. Vyovyote iwavyo, umejengwa kwa ustadi mkubwa: sauti ya chini yashuka noti nne, yarejea ilipoanzia, yashuka tena, na juu yake sauti mbili nyembamba, ya Poppea na ya mfalme Nero, ambaye zamani hizo aliimbwa na mwanamume aliyehasiwa, zafukuzana, zagusana kwa ukali kidogo, kisha zatulizana. Na ajabu ni kwamba muziki huu mororo kuliko wote umepewa mfalme fasiki, ambaye muda mfupi kabla yake amemfukuza mkewe katika nchi na kumwamuru mwalimu wake Seneca ajiue.

Ilipofika zama za Rossini, mwanzoni mwa karne ya 19, ada hiyo ilikwisha kuwa kaida, hata mhakiki Abramo Basevi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1859 juu ya kazi za Verdi, akaitaja kama umbo lililozoeleka la nyimbo za watu wawili. Kwanza wawili hao husemezana. Kisha huimba taratibu yaliyomo moyoni. Mara huingia habari au hofu ya kuivunja ile raha. Na mwisho huja kipande cha kufungia, chenye lahani iliyo rahisi kushikwa na masikio, ambacho aghalabu hurudiwa ili waimbaji wapate kuonyesha ufundi wao na watu wapate kupiga makofi. Kaida hii haikuzuka bure, kwa maana mtunzi wa siku zile alitakiwa amalize opera nzima kwa majuma machache, na kipimo kilichokwisha katwa kilimpunguzia kazi.

Lucia di Lammermoor ya Donizetti, iliyoonyeshwa Napoli mwaka 1835, ni mfano bayana. Lucia na Edgardo waagana; msichana aanza lahani, mwanamume airudia ile ile, kisha waiimba wote wawili, kama vile malenga wa pwani ajibuye shairi la mwenziwe kwa bahari na vina vya yule aliyetangulia. Ni tamu mno, nami sioni haya kusema kwamba naipenda. Ila mwenye kusikiliza kwa makini atajiuliza, je, kweli nyoyo mbili zaweza kuwa na lahani moja?

Swali hilo Verdi alilijibu katika opera yake Otello, iliyoonyeshwa Milano mwaka 1887, akiwa na umri wa miaka 73, miaka 15 baada ya opera yake Aida kuonyeshwa Kairo. Arrigo Boito, aliyemtungia maneno yake, aliiondoa sehemu yote ya kwanza ya mchezo wa Shakespeare, ile ya Venezia. Lakini yale aliyoyasema Otello Mmaghribi mbele ya wazee wa baraza, jinsi Desdemona alivyompenda kwa ajili ya mashaka yake, aliyachukua akayatia katika usiku wa Kipro, baada ya tufani na baada ya ugomvi wa askari walevi. Kwa hiyo hawa si wapenzi wanaotongozana. Ni mume na mke wanaokumbushana.

Kelele za ugomvi zikiisha, selo moja yaanza peke yake, na nyingine tatu zaifuata, nyuzi zake zimefifishwa. Otello aimba, Desdemona amjibu, wala kwa sehemu kubwa hairudii lahani yake; akumbushapo mume vita, okestra yawaka, na akumbushapo mke huruma yake, yatulia. Kuimba pamoja ni kwa muda mfupi sana. Na ifikapo saa ya busu, lahani iliyo kuu kuliko zote haitoki kinywani mwao, bali katika okestra. Kipande cha kufungia cha desturi hakipo, na mwenye hamu ya kupiga makofi hana pa kuyapiga.

Kwa nadhari yangu, hasara ya ule utamu wa zamani ni ndogo mbele ya faida iliyopatikana, kwa sababu watu wawili waliopewa lahani mbalimbali waweza pia kutofahamiana, na huo ndio msiba wenyewe. Msomaji atakayeipata santuri ya Otello asiishie sehemu ya kwanza, kama wafanyavyo wengi, bali asubiri hadi ya nne: ataisikia lahani ya busu Otello asimamapo mbele ya mkewe aliyelala, na ataisikia tena akisha kumuua, naye mwenyewe akifa kabla hajalimaliza neno la busu.