Bati la Walikale na Historia ya Soko la Goma

Anayechagua RAM ya kuongeza katika kompyuta mpakato huuliza ukubwa wake, kizazi chake, na kama mashine itaikubali. Haulizi ni nini kinachozishika chipu kwenye kibao chake. Ni lehemu, na lehemu ya siku hizi karibu yote ni bati. Sehemu ya bati hilo imepitia Goma, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Goma hutajwa zaidi kwa madini ya koltani, yaliyopanda bei ghafla mwaka 2000 na kuporomoka mwaka uliofuata. Lakini bati, lisilo na umaarufu huo, ndilo linaloonyesha wazi zaidi jinsi mji huu ulivyogeuka soko la madini. Maamuzi makubwa yalifanywa mbali na Kivu, nayo Goma ikayapokea kwa sura ya bei.

Tuanze na mwaka 1985. Oktoba mwaka huo Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua bati ili bei isishuke, liliishiwa fedha jijini London, na bei ikaanguka. SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni yaliyochimba Kivu na Maniema tangu ukoloni, haikuinuka tena. Ilipokufa katika miaka ya 1990, mishahara ilikwenda nayo, wakabaki wachimbaji wa sururu na koleo. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria ya kuondoa risasi katika vifaa vya elektroniki, ianze kutumika Julai 2006. Lehemu ya zamani ilikuwa na bati takriban asilimia 63, iliyobaki risasi. Mpya ikahitaji zaidi ya asilimia 95. Viwanda vilijiandaa mapema, China nayo ikanunua kwa wingi, na tani ya bati iliyouzwa kwa takriban dola 4,000 mwaka 2002 ikavuka dola 9,000 mwaka 2004. Miaka hiyohiyo watu walimiminika kwenye mgodi wa bati wa Bisie, katika msitu wa Walikale, Kivu Kaskazini. Wapagazi walibeba magunia ya madini hadi barabarani. Huko Kilambo ndege zilitua juu ya lami ya barabara na kuyapeleka Goma kwa wanunuzi, kabla mzigo haujavuka mpaka kuelekea bandarini na viwanda vya kuyeyushia vya Asia.

Atasema mtu kwamba huku ni kuvificha vita nyuma ya hesabu za soko, kwa kuwa wenye silaha, wakiwemo wanajeshi wa serikali, walitoza kodi Bisie kwa miaka. Ni kweli walitoza, na hakuna bei inayowaondolea lawama. Ila bunduki iliamua nani afaidi. Haikuyapa madini thamani. Vita vilikuta migodi isiyo na kampuni na vijana wasio na ajira. Ushahidi wa mwaka 2010 unathibitisha hilo kutoka upande wa pili: Julai, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ikizitaka kampuni zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani; Septemba, Rais Joseph Kabila wa Kongo akasimamisha uchimbaji wa mikono Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Vita havikuisha, lakini biashara halali ya Goma ilikatika, na magendo yakaendelea. Hata marufuku ilipoondolewa, wanunuzi wengi waliogopa mzigo wowote usiofungwa lebo ya kuonyesha ulikotoka.

Pingamizi la pili ni kwamba bati la RAM moja halifiki gramu, kwa hiyo mnunuzi hana deni kwa mtu yeyote Kivu. Udogo huo unaonyesha tu kwamba nguvu haiko kwake. Iko kwa wanaoandika viwango vya viwanda na masharti ya ununuzi. Wala nia zao hazikuwa mbaya: sheria ya 2003 ilitaka kuwakinga watu na sumu ya risasi, ya 2010 ilitaka kukata fedha za vita. Kwa hiyo sheria ijayo isipimwe kwa usafi wa kompyuta peke yake. Ipimwe pia kwa kazi itakayobaki kwenye migodi ya Walikale siku itakapoanza kutumika, kwa sababu hizo mbili ziliwafikia wachimbaji kabla njia nyingine ya kipato haijawafikia.