Ala Zisizotoka Nyumbani

Anunuaye zeze hununua zeze zima. Aweza kulipiga barazani kwake, kulipeleka harusini kwa jirani, kulisafirisha ng'ambo, au kumrithisha mwanawe. Na popote lilipo, zeze ni zeze. Ala za muziki zilizotungwa kwa hesabu ndani ya kompyuta zilizaliwa katika desturi nyingine. Nyingi katika hizo hazikuuzwa peke yake, bali zilitiwa ndani ya programu kubwa ya kutungia na kurekodia muziki, zikahesabiwa kuwa sehemu ya bei yake. Mnunuzi aliziona kuwa ni zawadi. Lakini siku alipotaka kuhamia programu nyingine, aghalabu alikuta kwamba zawadi ile haivuki kizingiti cha nyumba ilimotolewa.

Jambo hili si geni kabisa katika historia ya muziki. Siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya Pate ya pembe ya ndovu zilikuwa alama za enzi, wala haikuwa ruhusa kwa kila mtu kuipuliza siwa katika sherehe yake. Walakini siwa ilizuiliwa kwa heshima na ukoo, jambo ambalo kila mtu alilijua wazi. Ala za kompyuta zilizuiliwa kwa mikataba, mifumo ya programu na mashauri ya biashara, na mtunzi aliyezitumia mara nyingi hakujua kwamba amefungwa mpaka alipojaribu kuondoka.

Sauti ya kwanza ya muziki iliyotungwa na kompyuta kwa njia ya hesabu za mawimbi yake ilisikika mwaka 1957 katika maabara ya Bell, Marekani, kwa kazi ya Max Mathews. Kipande chenyewe kilidumu sekunde 17 tu. Wakati huo swali la kuhamisha ala halikuwapo, kwa kuwa mashine zenyewe zilikuwa chache, tena kubwa kama vyumba.

Swali lilianza kuumbika baada ya vinanda vya umeme kuenea. Kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kuunganisha vyombo vyake, na kinanda cha huyu hakikusikizana na kinanda cha yule. Mwaka 1981 Dave Smith, mhandisi wa Marekani, alipendekeza lugha moja kwa vyombo vyote. Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland ya Japani alikuwa mmoja wa waliolisukuma shauri hilo mbele. Januari 1983, katika maonyesho ya wafanyabiashara wa vyombo vya muziki huko California, kinanda cha Prophet-600 cha kampuni ya Smith kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland, na vikasikilizana. Lugha hiyo ndiyo MIDI.

Yafaa kueleza kwa makini MIDI ni kitu gani, maana ndipo lilipo chimbuko la tatizo. MIDI haibebi sauti. Hubeba amri: bonyeza noti namba 60, kwa nguvu kiasi hiki, kisha iachie. Ni kama barua ya maagizo anayopelekewa fundi. Fundi mwema na fundi mbovu hupata barua ile ile, na kazi zao hazifanani. Kwa hiyo tangu mwaka 1983 tungo liliweza kusafiri kutoka chombo hadi chombo, lakini sauti ilibaki nyuma. Mwaka 1991 makampuni yalikubaliana juu ya orodha ya ala 128, inayoanza na piano, ili namba moja iite ala ya jina moja kila mahali. Mapatano hayo yalikuwa ya majina tu. Piano ya chombo hiki na piano ya chombo kile zilifanana kama wafananavyo watu wawili waitwao Juma.

Badiliko kubwa lilitoka Ujerumani. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg, iliyoanzishwa mwaka 1984, ilitoa mwaka 1989 programu iitwayo Cubase, iliyofanya kazi katika kompyuta za Atari ST. Na kompyuta hizo zilipendwa na wanamuziki kwa sababu zilitoka kiwandani zikiwa na matundu ya waya za MIDI. Hapo kompyuta ilikuwa karani tu: iliandika amri na kuzituma, na sauti ilitoka katika vinanda vilivyokuwa mezani. Mwaka 1996 Steinberg ilitoa Cubase VST, ambayo ndani yake kompyuta yenyewe iliweza kuichakata sauti iliyorekodiwa, kuipa mwangwi na kuibadili rangi yake. Lakini la maana zaidi ni kwamba kampuni ilizitangaza kanuni za mfumo huo ili watengenezaji wengine nao waandike programu jalizi, yaani programu ndogo zinazoingizwa ndani ya programu kubwa na kufanya kazi chini ya paa lake. Programu kubwa ikawa mwenyeji, na ile ndogo mgeni.

Mwaka 1999 kanuni hizo zilipanuliwa, na mgeni akaweza kupokea amri za MIDI. Kwa maneno mengine, aliweza kuwa ala. Cubase VST 3.7 ya mwaka huo ilikuja na ala ndogo iitwayo Neon. Haikuwa ala ya kusifiwa sana kwa utamu, na leo wachache wanaikumbuka kwa sauti yake. Lakini ilionyesha njia. Haukupita muda mrefu, kampuni ya Native Instruments ya Berlin ikatoa mfano wa Prophet-5, kinanda mashuhuri cha Dave Smith cha mwaka 1978, ambacho sasa hakikuwa na mbao wala chuma, bali hesabu tupu. Ala ya namna hii, kwa kuwa ilifuata kanuni zilizojulikana, iliweza kualikwa na mwenyeji yeyote aliyezikubali kanuni hizo.

Kama mambo yangaliendelea vivyo hivyo, pengine habari hii ingalikuwa fupi. Lakini si mbali na Hamburg, mjini Rellingen, palikuwa na kampuni ya Emagic, iliyotengeneza programu iitwayo Logic, mshindani mkubwa wa Cubase. Emagic nayo ilitengeneza ala zake za kutumiwa ndani ya Logic, na ala hizo zilikuwa nzuri: sampla ya EXS24, iliyotoka mwaka 2000, ilitumiwa katika studio nyingi. Julai 2002 kampuni ya Apple ya Marekani iliinunua Emagic, na ikatangaza kwamba Logic ya kompyuta za Windows itakoma tarehe 30 Septemba mwaka huo huo. Miezi mitatu! Watunzi waliokuwa wamekusanya nyimbo za miaka kadha katika Logic ya Windows walitakiwa kuchagua: ama wanunue kompyuta ya namna nyingine, ama wabaki na programu isiyoendelezwa, ama waziache ala zao na kuzitafutia nyimbo zao sauti mpya. Hapana sheria iliyovunjwa. Aliyelipa alipewa alichoahidiwa. Ila hakuahidiwa kwamba nyumba haitauzwa.

Mwaka 2004 Apple ilizikusanya bidhaa za Emagic zaidi ya ishirini, nyingi katika hizo zikiwa ala zilizokuwa zikiuzwa mbalimbali, na kuziweka zote ndani ya Logic Pro 6. Mwaka 2011 programu hiyo pamoja na ala zake ilianza kuuzwa kwa dola 199.99 katika duka la mtandaoni la Apple. Ni vigumu kuilaumu bei hiyo. Kijana asiye na fedha za kununua kinanda kimoja alipata vinanda vya aina nyingi, ngoma na sampla kwa mkupuo. Hata hivyo urahisi huo una upande wa pili. Ala kama ES2 na Sculpture hazifunguki ndani ya Cubase, wala ndani ya programu ya mshindani mwingine yeyote. Hufunguka ndani ya Logic, na ndani ya MainStage, programu nyingine ya Apple iliyotengenezwa kwa ajili ya kupigia jukwaani. Kadiri zawadi ilivyokuwa kubwa, ndivyo kuhama kulivyokuwa kugumu.

Huko Stockholm, Uswidi, kampuni ya Propellerhead ilishika njia ya kati, nayo yastahili kutazamwa kwa kituo. Programu yake ya Reason, iliyotoka mwaka 2000, ilichorwa kama kabati la chuma lililopangwa vyombo: sintesaiza ya Subtractor, sampla ya NN-19, mashine ya ngoma ya Redrum. Mtumiaji aliweza hata kuligeuza kabati na kuziona waya nyuma yake, akazichomoa na kuzichomeka apendavyo. Vyombo hivyo havikutoka kabatini, wala vya wengine havikuingia. Lakini Propellerhead, pamoja na Steinberg, ilikuwa imekwisha buni mwaka 1998 njia iitwayo ReWire, iliyoziwezesha programu mbili kukimbia sambamba, moja ikiongoza mwendo na nyingine ikiimimina sauti yake ndani ya ile ya kwanza. Ala ilibaki nyumbani kwake, lakini sauti ilisikika kwa jirani. Pengine hii ndiyo iliyokuwa suluhu ya kiungwana kuliko zote, maana ilimwachia kila mwenye nyumba ufunguo wake.

Suluhu hiyo ilidumu takriban miaka ishirini. Mwaka 2017 Reason 9.5 iliufungua mlango kwa wageni wa VST. Na mwaka 2019 Reason 11 iliruhusu kabati zima liingizwe ndani ya programu za wengine kama programu jalizi. Mwaka uliofuata kampuni, ambayo sasa yaitwa Reason Studios, ilitangaza kwamba ReWire haitaendelezwa tena. Programu ya FL Studio ya Ubelgiji, iliyoanza kwa jina la FruityLoops, ilikuwa imetumia hila kama hiyo mapema: yote nzima iliweza kuingizwa ndani ya mwenyeji mwingine, na ala zake zikaingia naye, kama konokono aingiavyo na nyumba yake.

Zipo ala nyingine zilizotoka nje kwa sababu ambazo muziki haukuwa na sauti ndani yake. Mwaka 2005 kampuni ya Digidesign, mwenye Pro Tools, iliinunua kampuni ya Wizoo ya Ujerumani, na mafundi wake wakatengeneza ala zilizotiwa ndani ya Pro Tools, miongoni mwao Xpand!. Ala hizo zilifuata mfumo wa Pro Tools peke yake. Mwaka 2012 Avid, mmiliki wa Digidesign, ilipouza sehemu ya biashara yake kwa kampuni ya inMusic, ala zile zilikwenda pamoja na mauzo, na mmiliki mpya akaziuza katika mifumo inayokubaliwa na programu nyinginezo. Kwa Cakewalk ya Marekani mambo yalikwenda kinyume. Novemba 2017 kampuni ya Gibson ilitangaza kusimamisha kazi za Cakewalk; Februari 2018 kampuni ya BandLab ikainunua mali yake, na programu iliyoitwa Sonar ikatolewa bure kwa jina jipya. Lakini ilitolewa bila ala zilizotoka kwa makampuni mengine. Aliyekuwa na Sonar ya zamani katika kompyuta yake aliendelea kuzitumia, mgeni hakuzikuta.

Hata mlango uliokuwa wazi kuliko yote haukukosa bawabu. Kanuni za VST zilikuwa mali ya Steinberg, na kuzitumia kulihitaji leseni yake. Baada ya kutoa toleo la tatu mwaka 2008, kampuni ilitaka watengenezaji waliache toleo la pili, na mwaka 2018 ikaacha kutoa leseni mpya za toleo hilo, ilhali ala nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa toleo hilo hilo. Mwaka 2022 makampuni mawili ya Berlin, Bitwig na u-he, yalitoa kanuni nyingine ziitwazo CLAP, ambazo mtu yeyote aweza kuzitumia bila kuomba ruhusa. Kuziandika kanuni lakini si kazi ngumu. Kazi ni kuwapata wenyeji wa kuzikubali, na wenyeji wakubwa hawakuharakisha.

Baina ya hayo yote, watunzi wamekuwa na dawa moja ya kale: kuipiga ala ndani ya nyumba yake, kuirekodi sauti yake, na kuondoka na rekodi. Faili ya sauti hufunguka kila mahali. Lakini kinachobebwa hapo ni picha ya ala, si ala. Noti haiwezi tena kubadilishwa, wala ufunguo wa sauti kugeuzwa, wala ala kupigwa upya na mkono mwingine. Kwa msikilizaji si hasara. Kwa mwanafunzi atakayetaka kujua tungo lilivyojengwa, na kwa mtunza makumbusho, ni hasara kubwa, kwa kuwa atakuta jengo bila ramani yake.

Asiyerekodi naye hupata hasara ya namna nyingine. Hufungua kazi yake ya miaka kumi iliyopita katika programu mpya, na noti zote zimo mahali pake, zimepangwa kwa vipimo vyake. Ila panapokuwa na ala pana ilani kwamba ala haipatikani, na noti hupita kimya. Muundo wa faili za MIDI ulikubaliwa mwaka 1988, na faili za siku zile husomeka hata leo bila taabu. Noti namba 60 ni ile ile, na nguvu ya kidole cha aliyeibonyeza ingali imeandikwa kando yake.