Kiti si Urithi: Fundisho la Kura ya Arumeru

Desturi ya kumteua mtu wa kutusemea haikuletwa kwetu na sanduku la kura. Katika mabaraza ya koo wazee walimpima mtu kwa kauli yake, kwa subira yake, na kwa namna anavyogawa kilicho cha wote. Sanduku limebadili njia ya kupima; kipimo chenyewe hakikubadilika. Na hapana mahali kipimo hicho kionekanapo wazi kama katika uchaguzi mdogo. Katika uchaguzi mkuu sauti ya jimbo humezwa na vishindo vya taifa zima, bali katika uchaguzi mdogo jimbo husema peke yake, na wote husikiliza.

Tutazame Arumeru Mashariki, chini ya Mlima Meru. Mwezi Januari 2012 alifariki Mbunge wa jimbo hilo, Jeremiah Sumari wa CCM. Chama chake kikamsimamisha mwanawe, Sioi Sumari. CHADEMA ikamsimamisha Joshua Nassari, kijana ambaye mwaka 2010 alishindwa na marehemu kwa tofauti kubwa. Tarehe 1 Aprili 2012 wananchi wakapiga kura: Nassari akapata 32,972, Sioi 26,757.

Wako waliosema kwamba hizo zilikuwa hasira za siku moja tu. Lakini mwaka 2015 wapiga kura walimrudisha Nassari bungeni, na hasira ya siku moja haidumu miaka mitatu. Yafaa basi tutafute mzizi ulio chini zaidi.

Mzizi mmoja ni ardhi. Katika kampeni zile, uhaba wa ardhi na habari za mashamba makubwa zilisikika jukwaa hata jukwaa. Mgeni angeweza kudhani ni ahadi za kawaida za wanasiasa. Mwenyeji alisikia jambo jingine. Mwaka 1951 Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Wananchi wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu waliowahi kumtuma mwenzao ng'ambo ya bahari kudai shamba lao wanajua vema maana ya kumtuma mtu. Kwao, mjumbe ni yule abebaye shauri lao. Jina la ukoo wake halitoshi.

Mzizi wa pili ni heshima ya kiti chenyewe. Mila zetu zinamtambua mrithi: mtoto hurithi kihamba, hurithi ng'ombe, hurithi na deni la baba yake. Lakini ubunge haumo katika mirathi. Haikuwa kosa la Sioi kuzaliwa na mbunge, wala hatuwezi kusema kwamba kila aliyemnyima kura aliwaza hivyo. Hata hivyo, mwana wa marehemu akisimama penye kiti cha baba yake, swali la urithi huzuka lenyewe, liulizwe lisiulizwe. Wengi wa waliopiga kura walitoa jibu.

Na hapa pana jambo la kuzingatiwa. Vizazi viwili vya Watanzania vilifundishwa na TANU, na baadaye na CCM, kwamba cheo ni dhamana. Fundisho likishazama moyoni halimwachi mwalimu wake. Waliomkataa mgombea wa CCM mwaka 2012 hawakuwa wameisahau shule hiyo. Yumkini walikuwa wanafunzi wake wazuri.

Tusikuze matokeo kupita kiasi, kwani waliojitokeza siku ile hawakufika nusu ya walioandikishwa. Ukimya wa waliobaki nyumbani nao ni kauli, na chama chochote kinachoshangilia ushindi bila ya kuusikiliza ukimya huo kinajidanganya. Mshindi naye hupewa kiti kwa kipimo kile kile alichopimiwa mwenzake.

Kiongozi mwenye busara hasomi matokeo ya uchaguzi mdogo kwa kuhesabu kura peke yake. Huuliza: ni shauri gani la wazee wao ambalo watu hawa hawajaona mwisho wake? Akilijua hilo, amewajua watu wake.