Mwale wa Yakuti na Baka la Ngozi

Mei 16, 1960, katika maabara ya Hughes kule Malibu, California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani. Kifaa chenyewe kilienea kiganjani: kipande cha yakuti nyekundu kilichopakwa fedha nchani, kimezungukwa na taa ya mpiga picha yenye umbo la springi. Taa ilipomulika ghafla, yakuti ilitoa mwale mwekundu wenye nguvu ya ajabu.

Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, hakukawia kuujaribu. Mwaka 1963 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuielekeza leza kwenye ngozi, na walichokiona ndicho kilichozaa tiba yote iliyofuata: penye rangi nyeusi ndipo palipoungua zaidi. Melanini, ile inayolipa baka weusi wake, ilikuwa inaumeza mwanga na kuugeuza joto.

Kwa aliyetaka kuondolewa baka usoni, habari hiyo ilikuwa njema nusu tu. Leza za mwanzo zilimulika muda mrefu mno. Joto likasambaa pembeni, ngozi ya jirani ikaungua, kovu likabaki. Leza ya kabonidayoksaidi, aliyoivumbua Kumar Patel wa Bell Labs mwaka 1964, haikujali rangi kabisa. Hiyo hulenga maji yaliyomo ndani ya seli. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi, kisha baka lililotuna huondoka tabaka kwa tabaka kwa mvuke na moshi, huku daktari akipangusa mabaki kwa shashi iliyolowa.

Jibu la makovu lilikuja 1983. Rox Anderson na John Parrish wa Boston walieleza katika jarida la Science kwamba mwanga ukipigwa kwa muda mfupi kuliko ule ambao punje ya rangi huhitaji ili ipoe, joto halipati wasaa wa kutoka. Punje hupasuka, ngozi inayoizunguka ikasalimika. Kwa melanini, muda huo huhesabiwa kwa nanosekunde.

Lakini mwale hautenganishi melanini ya baka na ile iliyotapakaa mwili mzima wa mtu mweusi. Mwale wa yakuti, wa nanometa 694, waweza kuunguza ngozi kama hiyo au kuiachia madoa meupe. Ndiyo maana madaktari wengi wakaegemea leza ya nanometa 1,064, ambayo melanini huimeza kidogo.

Kisu nacho hakikustaafu. Baka lililokatwa hupelekwa maabara likatazamwa kwa hadubini. Lililogeuka moshi halina cha kutazamwa. Melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ikiunguzwa juu juu, mizizi yake inaweza kuendelea kusambaa chini kwa chini, kwa hiyo baka linalokua, kubadilika umbo au kutoa damu bado hukatwa. Kwa watu weusi saratani hiyo hutokea zaidi nyayoni na chini ya kucha, na doa jipya la hapo hufikishwa kwa daktari wa ngozi kabla ya mtu yeyote kuwaza leza.