Kutoka Mungaa hadi Mji Mkongwe: safari fupi ya kula historia

Mtu wa Mungaa, huku kwetu Ikungi mkoani Singida, anayepanga kwenda Unguja kwa mara ya kwanza, tena kwa siku mbili tu kwa kuwa likizo ni fupi na nauli inatoka mfukoni mwake, huambiwa na kila mtu aende Nungwi akaogelee. Ushauri wangu ni mwingine. Abaki mjini, katika Mji Mkongwe, na ale. Waitaliano wana Bologna na Napoli, miji ambayo watu huifuata kutoka mbali kwa ajili ya chakula chake, wakijua kwamba kila sahani ina karne kadhaa nyuma yake. Afrika Mashariki nayo ina mji wa namna hiyo, na historia yake inatuhusu sisi watu wa bara kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Tuanze na njia. Leo unatoka Mungaa, unashika barabara kuu, unafika Dodoma na kupanda treni ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024. Unalala Dar es Salaam, na asubuhi boti inakuvusha kwa muda wa saa mbili hivi. Karne ya 19 njia ilikuwa hiyo hiyo kwa sehemu kubwa, ila ilikwenda kwa miguu. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora, Novemba. Misafara ilikatiza Ugogo, ikalipa hongo kwa watemi, kisha ikaingia Mgunda Mkali, lile pori kavu la upande wa Manyoni na Itigi, kusini mwa kwetu. Humo maji yalikuwa ya kubahatisha na chakula hakikununulika, hivyo mpagazi alibeba nafaka yake juu ya mzigo wa tajiri. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, majirani zetu wa magharibi, na mizigo yao mizito ilikuwa pembe za ndovu.

Pembe hizo ndizo zilizoujenga mji. Sayyid Said, Sultani wa Omani, alikuwa amehamishia makao yake Unguja kufikia 1840, akikimbilia biashara kuliko siasa. Wamarekani walikuwa wameshasaini mkataba naye 1833 na kufungua ubalozi mdogo 1837. Walileta kitambaa cha merikani, wakachukua pembe zilizokwenda kuwa vibonye vya piano. Wahindi walifika kama wafanyabiashara na wakopeshaji, Washihiri kutoka Hadhramauti, Wangazija, Wagoa. Kila kundi lilishuka na vyungu vyake. Sayyida Salme, binti wa Sultani ambaye baadaye alijulikana kama Emily Ruete, aliandika katika kumbukumbu zake za 1886 kwamba katika jumba la Mtoni walipika Kiarabu, Kiajemi na Kituruki, kwa kuwa nyumba moja ilikuwa na watu wa asili nyingi.

Lakini kuna upande mwingine wa meza, na anayetoka bara auangalie kwa makini. Sayyid Said aliamuru mikarafuu ipandwe kwa wingi, na kazi ya mashambani ikafanywa na watumwa waliotolewa bara. Ardhi iliyokuwa ya chakula ikawa ya karafuu, na mchele ukaanza kuletwa kwa majahazi na meli kutoka Asia. Watumwa wa mashambani kwa desturi walipewa kipande cha ardhi na siku mbili za wiki, Alhamisi na Ijumaa, wajilimie chakula chao. Walilima muhogo. Mmea huo haukuwa wa hapa: Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini, kama walivyoleta mahindi na pilipili. Kwa hiyo mji uliosifika kwa biriani ulisimama juu ya mgongo wa watu waliokula muhogo, na hadi leo mtaa mmoja wa Mji Mkongwe unaitwa Soko Muhogo.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba siku ya kwanza usianze na biriani. Anza na muhogo. Utaukuta umepikwa kwa tui zito la nazi, au umechomwa na kupakwa ndimu na pilipili, na majani yake utayapata kama kisamvu. Muhogo uliuokoa mji zaidi ya mara moja. Burma ilipoangukia mikononi mwa Wajapani 1942, mchele wa huko ulikatika na watu wakaurudia muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Mzee Karume ilipobana uagizaji wa chakula kutoka nje, mchele uligawiwa kwa mgao, watu wakapanga foleni, na muhogo ukabeba tena nyumba nyingi. Wazee wa Unguja wanayakumbuka hayo. Mtu wa Mungaa, ambako mvua ikikosa uwele na mtama ndivyo hutegemewa, ataelewa haraka kwa nini chakula hicho kinaheshimiwa.

Asubuhi hiyo hiyo nenda Darajani. Soko lilijengwa 1904, mahali ambapo daraja lilivuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa, jina likabaki. Upande wa samaki kuna mnada: samaki wanawekwa sakafuni, dalali anataja bei kwa kasi, na usipozoea utadhani watu wanagombana. Simama pembeni, usiwazibie njia. Upande wa viungo nunua karafuu, hiliki na mdalasini vya kurudi navyo nyumbani. Karafuu hiyo nayo ina kisa chake: kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo inayoongoza.

Kutoka Darajani hadi Mkunazini ni mwendo mfupi, na usiuruke. Kanisa kuu la Anglikana lilianza kujengwa pale baada ya soko la watumwa kufungwa 1873. Waliouzwa pale walitoka bara, wengine kwa njia zile zile za misafara niliyoieleza. Nenda kabla ya chakula cha mchana, si baada yake.

Mchana ni wa urojo. Muuzaji anaanza na bakuli tupu. Anakata viazi vya kuchemsha, anatia bajia za dengu na kachori, pengine yai na vipande vya mishikaki. Kisha anateka ule mchuzi wa njano, uliopikwa kwa unga, manjano na ukali wa embe bichi au ndimu, na kuufunika kila kitu. Juu yake chatne ya nazi, kijiko cha pilipili, na mwisho chipsi za muhogo zilizokatwa nyembamba ambazo hulia mdomoni kabla hazijalowa. Bajia na kachori ni za Wahindi, nazi ni ya pwani, muhogo mnajua ulikotoka. Kwangu urojo ndio mlo mkuu wa mji huu, mkuu kuliko pilau, na bei yake bado iko ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida.

Alasiri tafuta kahawa. Pale Jaws Corner, njia panda ya mtaa huo wa Soko Muhogo, wanaume huketi barazani wakicheza dama na kubishana siasa, huku kahawa chungu ikimiminwa kutoka kwenye dele hadi kwenye vikombe vidogo visivyo na mikono. Salimia kwanza, kaa, sikiliza. Omba kashata, au halua, tamutamu ya Waomani inayopikwa kwa saa nyingi ikikorogwa bila kupumzika.

Jioni ni Forodhani. Palikuwa mahali pa forodha na mizigo. Bustani yenyewe ilifunguliwa 1936, Sultani Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 ya utawala, na ilikarabatiwa kwa ufadhili wa taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena 2009. Magharibi ikiingia, meza zinapangwa na makaa yanawashwa: pweza, mishikaki, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla ya kuonyesha unachotaka. Pale pia ndipo utaona pizza ya Zanzibar. Fundi anautandaza unga mpaka unakaribia kuona meza chini yake, anaweka nyama ya kusaga, kitunguu, yai na jibini, anakunja pande zote na kukaanga kwenye chuma. Haifanani na pizza ya Napoli, ambayo ufundi wake uliingia kwenye orodha ya UNESCO 2017. Aliyewahi kula mutabaki ya Yemeni ataona undugu ulio karibu zaidi. Isiitwe ya kuiga. Hata nyanya za Napoli zilitoka Amerika, kama muhogo wetu.

Biriani iwe ya siku ya pili, mchana, kabla ya boti. Yatosha.

Kuhusu majira: Juni hadi Septemba hali ya hewa ni nzuri, Machi hadi Mei masika huharibu mipango. Ukienda Ramadhani, mchana usile wala usinywe hadharani, na hoteli nyingi za chakula hufungwa. Ila baada ya futari mji unakesha ukila. Vaa kwa staha. Beba kitambulisho chako, utakihitaji kwenye tiketi ya boti.

Mji Mkongwe uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash 1883, iliporomoka na kuua watu. Mawe yanahitaji fedha nyingi na mafundi wachache waliobaki; chakula kinahitaji walaji wanaojua wanakula nini.

Kwa hiyo ninawaomba walimu na wazazi wa Mungaa na Ikungi nzima: shule ikipanga ziara ya Unguja, fedha ya chakula isiishie kwenye chipsi kuku ambazo watoto wanazipata Singida mjini. Wapelekwe Darajani, wale muhogo wa nazi na urojo, na mwalimu wa historia awe pamoja nao mezani.