Nani ana ulemavu kazini? Sheria inavyosema Minnesota

Muuguzi msaidizi aliyeumia mgongo akimwinua mzee kitandani, mpakizi wa ghala anayeishi na kisukari, dereva wa basi aliyemaliza matibabu ya saratani: ni nadra msemaji wa Kiswahili kumwita yeyote kati yao mlemavu. Sheria za Marekani zinaweza kuwahesabu wote watatu.

Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, ambako Waafrika Mashariki wengi hufanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, maghala na viwanda, tofauti hiyo ya maana si jambo la wanaisimu peke yao. Anayesema "mimi si mlemavu" huenda anaikana kinga ambayo tayari ni yake.

Kiswahili kilirithi majina yanayotaja kiungo: kipofu, kiziwi, kiwete. Baadaye likaja neno mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu, lakini picha iliyobaki akilini ni ya fimbo au kiti cha magurudumu. Nazo sheria za nyumbani hupenda kumtambua mtu mapema. Nchini Kenya, Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu husajili watu baada ya tathmini ya kitabibu na kuwapa vitambulisho. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 2010 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu, hesabu isiyowezekana bila kujua kwanza nani yumo na nani hayumo.

Marekani haina daftari la namna hiyo kwa wafanyakazi wake. Swali la nani ana ulemavu huulizwa pale mtu anapoomba kazi yake irekebishwe, au anapofukuzwa na kulalamika.

Jibu la msingi limo katika Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu, ijulikanayo kwa herufi ADA, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai 1990. Mtu huingia kwa mlango mmoja kati ya mitatu. Wa kwanza ni kuwa na hitilafu ya mwili au akili inayobana kwa kiasi kikubwa shughuli kuu ya maisha, kama vile kutembea, kuona, kuinua vitu au kufikiri. Wa pili ni kuwa na historia ya hitilafu hiyo, hata kama imepona. Wa tatu ni kutendewa na mwajiri kana kwamba unayo, hata kama huna. Anayeingia kwa mlango huu wa tatu pekee analindwa asibaguliwe, lakini hawezi kudai arekebishiwe kazi, wala haumfai mwenye tatizo dogo lisilotarajiwa kuzidi miezi 6.

Jimbo la Minnesota lina Sheria yake ya Haki za Binadamu, na kipimo chake ni chepesi zaidi. Hapo hitilafu haihitaji kubana "kwa kiasi kikubwa". Yatosha ibane kwa kiasi cha maana. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliitambua tofauti hiyo mwaka 1995, katika shauri la mtu mwenye kisukari. Hata hivyo, mlalamikaji alishindwa: ugonjwa wake ulidhibitiwa kwa insulini na mlo, kwa hiyo mbele ya sheria hakuwa na ulemavu.

Miaka minne baadaye, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuata njia hiyo hiyo. Dada wawili mapacha waliotaka kuwa marubani walikataliwa na shirika la ndege la United kwa sababu ya uoni hafifu. Mahakama ikasema miwani iliurekebisha uoni wao, hivyo ADA haikuwahusu. Walikuwa wazima mno kulindwa, na wagonjwa mno kuajiriwa. Mwaka 2002 mahakama hiyo ilibana zaidi, na wenye kifafa, kisukari na saratani wakawa wanashindwa kabla hata mwajiri hajaulizwa alichokitenda.

Baraza la Congress liliugeuza mkondo huo. Marekebisho ya mwaka 2008, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2009, yanataka ulemavu upimwe bila kuhesabu nafuu inayoletwa na dawa au vifaa, isipokuwa miwani ya kawaida. Ugonjwa unaokuja na kuondoka hupimwa kwa hali yake unapokuwa umepamba moto. Kazi za ndani ya mwili, kama vile kinga ya maradhi na ukuaji wa seli, nazo zikawekwa katika shughuli kuu za maisha. Minnesota iliandika wazi habari ya maradhi yanayokuja na kutulia katika sheria yake kuanzia Agosti 2024.

Kuhesabiwa si kushinda. Mfanyakazi lazima aweze kutimiza majukumu ya msingi ya kazi, kwa marekebisho au bila marekebisho. Muuguzi msaidizi aweza kuomba mashine ya kuinulia wagonjwa au mabadiliko ya zamu. Mwajiri halazimiki kumwondolea jukumu lililo kiini cha kazi, wala kubeba mzigo unaomzidi kiasi. Wajibu huo wa kurekebisha huanzia kwa waajiri wenye wafanyakazi 15, ingawa katazo la ubaguzi la Minnesota humfikia hata mwajiri wa mtu mmoja.

Wengi huchanganya haya na malipo ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii. Huko swali ni jingine: je, mtu ameshindwa kufanya kazi yoyote ya maana kwa muda unaotarajiwa kufika angalau miezi 12, au kwa hali inayotarajiwa kumfikisha kifoni? Aliyenyimwa malipo hayo bado anaweza kuwa na ulemavu kwa mujibu wa ADA. Na aliyeyaomba, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1999, hapotezi moja kwa moja haki ya kushtaki, ila atatakiwa kueleza vipi madai yote mawili yanapatana.

Kikwazo kikubwa labda ni kimya. Kifafa, VVU na maradhi ya akili ni mambo ambayo familia nyingi huyafunika, na kwa kawaida mwajiri hawajibiki kwa hali asiyoijua. Sheria haidai maneno maalumu: yatosha kusema kwamba kuna sababu ya kiafya na kitu fulani kinahitajika kazini. Neno ulemavu si lazima litamkwe. Mwajiri haruhusiwi kuuliza habari za ulemavu kabla ya kutoa ahadi ya kazi, na taarifa za matibabu azipatazo baadaye lazima azitunze kwa siri, katika faili la peke yake.

Malalamiko hupelekwa kwa tume ya serikali kuu ya usawa kazini, yenye ofisi Minneapolis, ndani ya siku 300 tangu kitendo kinacholalamikiwa, au kwa Idara ya Haki za Binadamu ya Minnesota, Saint Paul, ndani ya mwaka 1.